Kumfundisha mbwa alinde mbuzi, sio nyumba

Mbwa wengi huku kwetu wanalinda mlango wa bosi, fisi akija usiku mbwa anabweka barazani weee, asubuhi unahesabu mbuzi wamepungua. Mbwa wa mbuzi anatengenezwa tofauti, na kazi yote iko kwenye miezi minne ya mwanzo.

1. Kuchagua. Kangal wa Uturuki ndo mwenye jina, kule Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund linawapa wafugaji mbwa wa aina hiyo toka 1994 walinde mifugo, ili wafugaji wasiue duma. Ila kangal anavuka kilo 50, utamlisha nini? Chukua wa kienyeji tu, muhimu mama yake asiwe anakimbiza kuku au mbuzi.

2. Mchukue akiwa na wiki 6 mpaka 8, na asipitie nyumbani, zizini moja kwa moja. Mpigie kakibanda ka mbao kwenye kona, pengo liwe la yeye kupita mbuzi asipite, chakula chake kikae humo maana mbuzi wakiuona ugali hawauachi. Mchanganye na wanambuzi na majike wapole, aliyezaa juzi hapana, atampiga kichwa amvunje mbavu. Mpaka wiki ya 16 hivi ndo anajijengea nani ndugu zake, kwahiyo watoto wasimbebe kwenda kucheza nae uani. Sio kwamba asikujue, hapana, kila siku mshike, mkague masikio na miguu, mzoeshe kamba, la sivyo siku ya chanjo mtakimbizana kijiji kizima.

3. Chakula hapo hapo zizini, asubuhi na jioni, ugali wa dona na dagaa unatosha. Sasa hapa sikilizeni vizuri: ukichinja usimtupie kichwa kibichi wala maini na mapafu yenye vifuko vya maji. Ule ugonjwa wa mbuzi kuzunguka zunguka hadi anaanguka unatokana na minyoo ya mbwa, mbwa anakula ubongo wenye vifuko, anakunya malishoni, mbuzi wanakula majani na mayai ya minyoo humo humo. Na minyoo ya vile vya kwenye maini na mapafu inamfikia hadi binadamu, kupitia mayai yaliyo kwenye kinyesi cha mbwa. Pika au fukia chini kabisa.

4. Chanjo ya kichaa akifika miezi 3 alafu kila mwaka, za parvo na distempa (magonjwa yanayoua watoto wa mbwa) zinaanza mapema kidogo, muulize daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo mara kwa mara akiwa mdogo, akikua kila miezi 3. Dume mhasi, asipohasiwa atafata majike huko vijijini aache zizi.

5. Machungani atoke na mchungaji, asiachwe peke yake. Kuanzia miezi 6 hivi anakua mtundu balaa, anavuta masikio ya wanambuzi, anawakimbiza, mkemee pale pale anapofanya, ukichelewa hata dakika haelewi unamgombezea nini. Akizidi mfunge kijiti kining'inie shingoni kimgonge magoti akikimbia. Anaeelewa kazi utamjua, mbuzi akimnusa analala chini na kugeuza uso pembeni.

6. Mmoja hatoshi. Fisi wakija kundi au chui akija, mbwa mmoja ni kitoweo, weka wawili au watatu na boma la miiba liwe zima, kazi yao kubweka na kusimama katikati mpaka utoke na tochi. Na kabla ya mwaka na nusu usimuachie zizi usiku bila mbwa mkubwa.