Rimu imepiga shimo: unanyoosha au unanunua nyingine? Hatua kwa hatua

Wengi wakipiga shimo wanashuka, wanazunguka gari, wakiona rimu kwa nje imechunika kidogo tu wanasema afadhali alafu wanaendelea na safari. Mwingine kakwaruza rimu wakati wa kupaki, imechubuka mzunguko mzima, anataka kununua mpya kesho asubuhi. Mara nyingi huyu wa pili anahitaji msasa na rangi tu, na yule wa kwanza ndo mwenye shida ya kweli. Uso wa nje wa rimu ni urembo, jibu lako liko upande wa ndani, ule unaotazama breki na shokapu, na huko huoni kitu mpaka uifungue.

Nitaongelea zaidi rimu za aloi, zile watu wanaita rimu za spoti, maana ndo zenye maswali mengi. Za chuma nitazipitia fasta.

Hatua ya 1: Lisikilize gari kwanza

Kabla hujagusa jeki endesha kidogo sehemu salama, ila kama tairi linapoteza upepo haraka au lina nundu ubavuni hapo usiendeshe, funga spea. Nundu maana yake nyuzi za ndani ya tairi zimekatika, hilo tairi limekwisha hata kama rimu ni nzima, hamna kiraka cha ubavuni.

Kama gari liko sawa kwa kutembea, angalia mtetemo unakuja wapi. Ukishika stelingi ikatetemeka kuanzia kama kilomita 80 hadi 110 kwa saa, anza na magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti na stelingi imetulia, nenda nyuma. Gari likivuta upande mmoja bila kutetemeka hilo mara nyingi ni suala la alaimenti au kuna kitu kimepinda chini, usiisingizie rimu peke yake.

Na kabla hujaogopa sana chungulia vitu viwili vya bure. Cha kwanza tope lililokauka ndani ya rimu, donge dogo tu linaharibu balansi. Cha pili vile virisasi vya balansi, angalia kama kuna alama ya gundi pasipo na kirisasi, maana kikidondoka gari linatetemeka vilevile kama rimu imepinda na watu wameshapeleka rimu nzima kunyooshwa kwa sababu hiyo.

Hatua ya 2: Maji ya sabuni

Legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini, vuta hendibreki, weka kigingi magurudumu mengine, alafu piga jeki na uweke stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hilo sirudii.

Fungua gurudumu, jaza upepo wa kawaida, pakaza maji ya sabuni mazito pande zote mbili na usubiri, tena subiri kweli, maana ufa mwembamba unatoa vipovu vidogo sana vinavyojikusanya polepole kama dakika mbili tatu. Mahali vinapotokea ndo panakuambia unashughulika na nini:

- Kwenye valvu: badilisha valvu, umemaliza.
- Pale tairi linapokaa kwenye mdomo wa rimu, vikitoka sehemu ndefu: mara nyingi ni kutu nyeupe ya aluminiamu imeinua tairi. Tairi linatolewa, pale panasuguliwa mpaka pawe laini, linarudishwa. Hii inarekebishika vizuri kabisa.
- Mdomoni lakini sehemu moja fupi: hapo pengine pamepinda.
- Katikati ya chuma chenyewe, pasipo na tairi wala valvu: shuku ufa. Rimu nyingine zina vitundu vidogo vya kiwandani lakini kama ndo kwanza umepiga shimo chukulia ni ufa mpaka uhakikishe.

Hatua ya 3: Izungushe

Huna mashine? Rudisha gurudumu kwenye gari likiwa juu, ila kwanza sugua uso wa habu, kile kitovu rimu inapofungwa, kwa brashi ya waya, maana kutu kati ya habu na rimu inafanya rimu nzima ionekane inayumba. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza shughulika na beringi kwanza, usipime kitu.

Funga waya mgumu au penseli kwenye kitu kisichotembea, stendi ya pili inatosha, ncha yake ikaribie mdomo wa rimu karibu kugusa. Karibia RIMU sio tairi, tairi lina mawimbi yake. Zungusha polepole kwa mkono uangalie ile nafasi. Ikipanuka na kubana kuelekea juu na chini rimu imebonyea, ikienda kulia na kushoto imepinda kiubavu. Fanya mdomo wa nje alafu wa ndani, na huu wa ndani ndo mara nyingi unaumia zaidi kwa sababu hauna spoki za kuushikilia.

Ukipata geji ya saa, ile yenye mshale inayosoma sehemu ndogo za milimita, ndo safi. Watengenezaji wengi kwa rimu za aloi wanataka tofauti iwe chini ya milimita 1, za chuma zinaruhusiwa kidogo zaidi, namba kamili iko kwenye kitabu cha gari lako. Kwa jicho tu, ukiona mawimbi waziwazi bila kupima umeshapita hapo zamani.

Hatua ya 4: Toa tairi, osha, tafuta ufa

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye uamuzi wote. Osha rimu iliyo uchi kabisa mpaka vumbi la breki litoke, kausha, alafu ingia sehemu yenye giza kidogo na tochi. Usiimulike usoni moja kwa moja, ilaze tochi pembeni mwanga upite juu ya chuma, hapo mkunjo na ufa vinatoa kivuli.

Pitia mdomo wa ndani wote kwa kidole. Alafu nyuma ya spoki pale zinapoungana na pipa, yaani ule mwili wa duara wa rimu, alafu matundu ya nati, alafu tundu la valvu. Ufa wa shimo kwa kawaida unaanzia ukingoni mwa mdomo wa ndani unatembea kuingia ndani, na ukiwa mchanga ni kama unywele. Mkwaruzo una chini yake, ukipitisha ukucha unausikia unaishia, ufa hauna chini na mara nyingi rangi pembeni yake imenyanyuka au kuna mstari mweusi wa uchafu ulionywewa.

Bado huna uhakika? Kuna zile dawa za kupenyeza za kukagua vyuma. Unasafisha, unapuliza nyekundu, unaiacha dakika 10 hadi 30 kulingana na maelezo ya kopo, unaifuta yote, unapuliza nyeupe juu yake. Kama kuna ufa ule wekundu unajinyonya kutoka ndani na kuchora mstari kwenye weupe. Kabla ya kumlipa mtu anyooshe, na baada ya kunyoosha pia, mi nataka kuona hiyo.

Hatua ya 5: Sasa amua

*Ufa.* Badilisha. Najua kuna mafundi wanachomelea na inatoka nzuri hata huoni, lakini sikiliza kwa nini nakataa. Rimu nyingi za aloi zinamiminwa kwa aluminiamu yenye silikoni, ile inaitwa A356, alafu zinapitishwa kwenye joto kiwandani: zinachemshwa kwenye nyuzi kama 540 za selsiasi, zinazimwa majini, alafu zinaokwa tena taratibu kwenye kama nyuzi 150 na kitu. Nguvu yote inatoka kwenye huo mpango. Ukichomelea, joto la kuyeyusha linapita pale na chuma cha pembeni ya mshono kinarudi kuwa laini, kwa iyo umeziba upepo ila umeacha ukanda dhaifu karibu na pale palipovunjika. Kuna wanaokubali kuchomelea kaufa kadogo ka mdomoni tu, hao mbishane nao wenyewe. Ufa kwenye spoki, kwenye matundu ya nati au eneo la habu hauna mjadala.

*Kipande kimemeguka mdomoni, au matundu ya nati yamekuwa mviringo mrefu kama yai.* Badilisha. Hayo matundu yanatokea mtu akitembea na nati zilizolegea, na hata ukikaza leo nati haina pa kukaa.

*Imepinda.* Hapa ndo pa kutumia akili. Kama ni mdomo tu, mbonyeo ni wa taratibu bila kona kali na dawa haijaonyesha ufa, nyoosha. Kama kona ni kali, au pamepinda ndani kabisa karibu na spoki, au ubonyeo umefika katikati ya pipa, acha. Na kama sehemu ileile iliwahi kunyooshwa, acha pia, waya ukiukunja na kuukunjua mahali pamoja unajua unaishia wapi.

Alafu muulize fundi swali moja: unapasha joto vipi na unajuaje limetosha? Chuma cha kawaida kinawaka chekundu unaona, aluminiamu haikupi taarifa, inafika karibu na kuyeyuka bado ina rangi ileile. Akikuambia anaangalia kwa macho, beba rimu yako. Fundi mzuri ana mashine ya haidroliki inayosukuma kidogo kidogo huku geji inasoma, anapasha moto mdogo au hapashi kabisa, na anatumia chaki za joto zinazoyeyuka kwenye nyuzi fulani. Ile bastola ya kupima joto kwa mwanga inadanganya kwenye aluminiamu inayong'aa, inasoma chini kuliko ukweli, kwa iyo akikuonyesha hiyo muulize kama amepaka rangi nyeusi pale anapopima. Wa nyundo na mtungi wa gesi kwa rimu ya aloi, hapana.

*Mikwaruzo.* Rekebisha bila wasiwasi, msasa, puti kidogo, rangi. Vitu viwili tu. Rangi isiingie pale nati inapokaa wala uso unaogusa habu, inasagika baadaye na nati zinalegea. Na zile rimu uso wake umechongwa kwa mashine ukabaki aluminiamu inayong'aa, kila zikirudishwa mashineni zinakatwa tabaka jingine la chuma, kwa iyo haiwezekani kurudia rudia milele.

*Rimu za chuma.* Zinavumilia kunyooshwa zaidi, lakini angalia mshono unaounganisha sahani na pipa pamoja na kutu iliyokula. Bei yake ni ndogo, ukiwa na shaka usihangaike.

Hatua ya 6: Piga hesabu yote

Watu wanalinganisha bei ya kunyoosha na bei ya rimu mpya, hapo wanakosea hesabu. Upande wa kurekebisha weka kunyoosha, kutoa na kurudisha tairi, balansi, rangi, na tairi lenyewe kama limeumia. Mi kanuni yangu, ikivuka nusu ya bei ya rimu nzima iliyotumika inayofanana, nanunua hiyo. Ila iliyotumika nayo inapita hatua ya 4, na kabla ya kulipa mwambie muuzaji aizungushe kwenye mashine ya balansi ukiwa umesimama hapo. Akikataa umeshapata jibu.

Hatua ya 7: Kununua inayoingia kweli

Geuza ya zamani usome nyuma. Utakuta kitu kama 17x7J, ET45, 5x114.3. Hiyo ni inchi 17 za kipenyo, upana inchi 7, uso wa kufungia uko milimita 45 kutoka katikati kuelekea nje, na nati 5 kwenye duara la milimita 114.3. Vyote vifanane. 5x112 na 5x114.3 kwa macho zinafanana na mtu anaweza kulazimisha nati zikaingia, zitakaa kishingo upande na stadi, ile bolti inayoshika nati, inaweza kukatika.

Tundu la katikati nalo lipime, likiwa kubwa kuliko habu unahitaji pete ya kujazia la sivyo gari linaweza kutetemeka hata rimu iwe mpya. Angalia uzito unaobebwa: ekseli ikiruhusiwa kilo 1,100 kila rimu ibebe angalau 550. Tafuta alama ya viwango kama JWL ya Japani. Na umbo la nati, kuna za koni na kuna za duara, hazibadilishani. Kama gari lako lina sensa za upepo ndani ya tairi hamisha ya zamani, usiisahau gereji.

Hatua ya 8: Kufunga

Habu safi, stadi kavu bila mafuta, nati ianze kwa mkono, kaza kwa kukatiza msalaba sio kwa kuzunguka, malizia kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, gari likiwa limeshuka. Gari ndogo nyingi zinaangukia 100 hadi 120 Nm ila fuata kitabu. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa rimu ikiwa imepakwa rangi mpya. Kipimo cha upepo chukua asubuhi tairi likiwa baridi, alafu asubuhi inayofuata tena, ukishuka rudi kwenye sabuni.

Ile yenye ufa usiiuze nzima hata kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ikate mdomo kwa grainda kabla haijatoka mikononi mwako, maana ikitoka nzima kuna mtu ataichomelea, ataipaka rangi, na mwenye gari lingine ataikuta dukani inang'aa.