Kuandika Maelezo ya Modeli ya Data na Kuipunguza Uzito kwa Power BI

Katika Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, modeli ni majedwali ya data pamoja na mahusiano na fomula zake. Maelezo ya modeli yanayowekwa kwenye faili la pembeni hupitwa na wakati mara tu mtu anapoongeza safuwima mpya. Kwa hiyo mimi huyaandika ndani ya modeli, kisha hujenga dashibodi inayoyasoma humo humo. Dashibodi hiyo hunisaidia pia kujua cha kupunguza.

Hatua ya 1: Andika maelezo. Katika Power BI Desktop, fungua mwonekano wa modeli, chagua jedwali, safuwima au kipimo (fomula inayokokotoa namba ya ripoti), kisha ujaze sehemu ya maelezo kwenye sifa zake. Usirudie jina. Kuandika "jumla ya mauzo" kwenye kipimo kiitwacho Mauzo hakumsaidii mtu. Sema kama kodi imo, kama bidhaa zilizorudishwa zimetolewa, na kama tarehe inayohesabiwa ni ya oda au ya malipo. Hapa usifanye haraka: namba mbili zikigongana kikaoni, ugomvi huwa juu ya mambo haya haya.

Hatua ya 2: Tengeneza majedwali ya kukokotoa, yaani yanayojazwa na fomula. Haya yatasoma maelezo uliyoandika:

Orodha_Majedwali = INFO.VIEW.TABLES()
Orodha_Safuwima = INFO.VIEW.COLUMNS()
Orodha_Vipimo = INFO.VIEW.MEASURES()
Orodha_Mahusiano = INFO.VIEW.RELATIONSHIPS()

Usiache neno VIEW, kwa sababu INFO.TABLES() na wenzake hawakubaliki ndani ya jedwali la kukokotoa.

Hatua ya 3: Panga ukurasa. Weka vipimo pamoja na fomula na maelezo yake, kichujio cha jedwali, na kadi inayohesabu visivyo na maelezo. Kadi hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza. Kwenye mahusiano, chunguza yanayochuja pande zote mbili; mengi hayana sababu ya kuwa hivyo.

Hatua ya 4: Tafuta uzito uko wapi. Kwenye mwonekano wa hoja za DAX (lugha ya fomula ya Power BI), endesha:

EVALUATE COLUMNSTATISTICS()

Panga matokeo kwa idadi ya thamani tofauti. VertiPaq, injini inayohifadhi data iliyoingizwa, hubana kila safuwima peke yake. Thamani zinazojirudia hubanwa vizuri; zisizojirudia hula kumbukumbu. Ukitaka ukubwa kwa baiti, tumia DAX Studio, programu ya pembeni.

Mkosaji wa kawaida ni safuwima yenye tarehe na saa pamoja. Kwa mwaka wa siku 365, ikifika hadi sekunde, inaweza kubeba thamani tofauti 31,536,000. Itenganishe: tarehe 365, na saa zisizozidi 86,400. Kama dakika zinatosha, saa hushuka hadi 1,440. Kazi hii ifanyike Power Query, sehemu ya Power BI ya kuandaa data, au kwenye chanzo cha data ikiwezekana. Zima pia mpangilio unaotengeneza majedwali ya tarehe yaliyofichwa, ujenge jedwali moja la tarehe.

Namba za miamala ambazo hakuna anayezitumia? Ziondoe.

Hatua ya 5: Hakiki kabla ya kufuta. Tafuta jina la safuwima ndani ya fomula za Orodha_Vipimo, kisha kwenye mahusiano. Orodha hizi hazionyeshi chati zinazoitumia, kwa hiyo pitia kurasa za ripoti pia, pamoja na kanuni za usalama za mistari, yaani zinazoamua nani aone mistari ipi ya data. Ukishafuta, pima ukubwa upya na ulinganishe jumla za vipimo vikuu na zile za awali. Kama ulifupisha desimali, tofauti ndogo itajitokeza. Mwenye ripoti aikubali kwanza ndipo uchapishe.