Jinsi ya Kununua na Kufufua Land Rover ya Safari Yenye Bodi ya Fundi

Land Rover ndefu za inchi 109, zile za Series II, IIA na III zilizotoka Uingereza kati ya mwaka 1958 na 1985, bado zinaonekana zimeegeshwa nyuma ya gereji nyingi za Kenya na Tanzania. Baadhi yake, kabla ya kuchakaa, zilipitia mikononi mwa mafundi waliozigeuza kuwa magari ya safari: paa likakatwa na kuwekewa mlango ili watalii wasimame na kutazama wanyama, madirisha yakapanuliwa, na nyingine chesisi ikarefushwa ili kuongeza safu ya viti. Gari la namna hiyo halina pacha, na hapo ndipo ugumu wake unapoanzia. Kifaa cha kiwandani kikioza kinaagizwa, lakini fremu iliyopindwa na fundi ambaye amekwisha kustaafu haimo katika katalogi yoyote. Kwa hiyo mnunuzi atenganishe mapema kilicho cha kiwanda na kilicho cha fundi, kisha avipime kwa mizani tofauti.

Kwa kipimo hicho, gari lenye injini iliyokwama lakini ambalo paa, vifuniko, fremu za madirisha na turubai zake zote zipo ni bora kuliko lile linalowaka kwa mara moja huku paa lake la asili likiwa limeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Wauzaji wengi hupenda kuanza kwa kuwasha injini. Waache wawashe, lakini usiongeze bei kwa sababu hiyo, kwani injini ya petroli ya cc 2,286 ni ya kawaida sana na spea zake zinapatikana hadi leo.

Ukaguzi wa kweli hufanywa ukiwa umelala chini ya gari. Chesisi yake ni boksi la chuma linalooza kutoka ndani, na kwa sababu hiyo rangi nyeusi mbichi iliyopakwa wiki iliyopita ni jambo la kutilia shaka kuliko kutu unaoonekana. Chukua nyundo ndogo ugonge boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikiliwa, na mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu kama ya debe lililojaa mchanga, na ukikikandamiza kwa bisibisi kinatoboka. Ikiwa chesisi ilirefushwa, tafuta maungio: mkato wa wima uliochomelewa bila mabamba ya kuuimarisha pande zote mbili utafunguka siku moja barabarani, gari likiwa limejaa watu. Kisha pima kwa kamba mshazari, kutoka boli ya springi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Urefu ukitofautiana, chesisi imepinda.

Sumaku nayo ina kazi, ingawa si ile waliyoizoea wanunuzi wa magari ya bati la chuma. Madigadi na ubavu wa Land Rover ni aloi ya alumini, iliyochaguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo sumaku haipaswi kunasa hapo. Ikinasa, fundi aliziba pengo kwa bati la chuma. Si kosa kubwa, lakini chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Pitisha kidole chini ya boli za paa. Ukikuta unga mweupe kama chaki, ujue kwamba tundu lililo chini ya boli hiyo limekwisha kupanuka.

Namba ya chesisi hugongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, na lazima ilingane na kadi ya gari. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, kamwe si kwa mashine ya kusagia, kwa kuwa namba ikifutika hakuna fundi atakayekurudishia uhalali wake. Ikiwa injini au umbo la bodi vilibadilishwa, uliza kama TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya) walijulishwa, na uulize kabla ya kutoa fedha.

Gari likishafika nyumbani, usifungue boli hata moja kabla ya kupiga picha na kuchora kila kipande cha fundi kwenye kadibodi kwa kipimo chake halisi. Mimi nilitupa turubai la mlango wa paa kwa kuliona limeoza, na wiki sita baadaye mshonaji akaniuliza upindo ulikuwa wa upana gani na macho ya kamba yalikuwa mangapi. Majibu yalikuwa jalalani.

Anza kazi na chesisi, breki na ekseli. Bodi ya safari ni nzito, na ekseli ya nyuma ya Rover iliyofungwa katika gari za awali ina shafti dhaifu. Ekseli ya chapa ya Salisbury, iliyokuja na Series III, hubeba mzigo huo vizuri zaidi, nami naona kuibadilisha si usaliti wa historia. Katika umeme, hakikisha kwanza waya wa betri unaoshikwa kwenye bodi ni hasi au chanya, kwa maana gari nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ziliungwa chanya.

Kazi ya bodi inataka subira. Alumini huyeyuka karibu na nyuzijoto 660 bila kubadilika rangi, na fundi aliyezoea chuma huitoboa kabla hajatambua, kwa hiyo viraka vingi ni afadhali vifungwe kwa ribiti. Kipande kilichokakamaa kwa miaka ya mitikisiko hupasuka kikinyooshwa kikiwa baridi. Kipake sabuni ya mche, kipashe moto taratibu hadi sabuni igeuke nyeusi, kisha kiache kipoe. Hapo kitakubali nyundo. Kila mahali chuma kinapokutana na alumini, weka mpira au washa za nailoni katikati.

Viti virudishwe mwisho. Kabla ya hapo, funga mlango wa paa na ulimwagie maji kwa bomba la mpira kwa dakika 10, huku mtu akiwa amekaa ndani na chaki mkononi, akizungushia alama kila mahali tone linapochungulia.