Mbuzi ya nazi mezani: jinsi ya kwenda makumbusho na familia ukiwa ughaibuni

Mbuzi ilikuwa mezani, imekunjwa, na karatasi pembeni yake imeandikwa kuwa ni kiti cha safari kutoka Afrika Mashariki. Ilikuwa Jumamosi ya likizo fupi ya Oktoba, katika makumbusho madogo ya mji tunaoishi hapa Uingereza, na mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kutusalimia. Mhadhiri alikuwa bado anaeleza habari za majahazi na pepo za kaskazi. Mama akanivuta mkono. "Ile pale si mbuzi?" Nikamwomba asubiri wakati wa maswali.

Ulipofika, akanyoosha mkono, nami nikawa mkalimani. Wakamkaribisha mezani. Akaikunjua taratibu, akawaonyesha ulimi wa chuma na meno yake yaliyolika, kisha, kwa kuwa vitu vile havikaliwi, akavuta kigoda cha watoto, akaketi, akakuna nazi isiyokuwepo, mikono ikizunguka, mpaka chumba kizima kikaelewa. Mwanangu wa miaka saba, ambaye nazi anayoijua ni ya kopo, akauliza mbuzi mwenyewe yuko wapi. Mama akamweleza yote tangu mwanzo. Dada mmoja mfanyakazi wa makumbusho aliandika kila neno, na kabla hatujaondoka akaichukua ile karatasi ya "kiti cha safari" akaiweka mfukoni.

Tangu siku hiyo nawasihi ndugu na marafiki jambo moja. Msiende makumbusho kutazama makabati na kurudi. Nendeni siku ya mhadhara, siku ya meza ya kushika vitu, siku ambayo yupo mtu wa kuulizwa na wa kuambiwa. Na mzee wenu akiwa amekuja kutembea, msimwache nyumbani na televisheni.

Siku zenyewe ni zipi

Kwa tulio Uingereza, anza na Oktoba. Mwezi wa Historia ya Watu Weusi umeadhimishwa hapa tangu 1987, na bahati nzuri ni kwamba likizo ya katikati ya muhula kwa kawaida huangukia wiki ya mwisho ya mwezi huohuo. Kwa hiyo mihadhara ya watu wazima na shughuli za watoto hukutana katika wiki moja. Ukiwa na nafasi ya kwenda mara moja tu kwa mwaka, nenda wiki hiyo.

Septemba kuna Heritage Open Days huku England, utaratibu ulioanza 1994. Kwa siku kumi hivi majengo na makumbusho, hata yale yanayotoza kiingilio mwaka mzima, hufungua milango bure, na mara nyingi unapata kuingia stoo na vyumba vya nyuma ambavyo siku nyingine huvioni. Scotland na Wales nao wana siku zao mwezi huohuo. Juni kuna Wiki ya Wakimbizi, ambayo huwagusa hasa ndugu zetu wa Congo na Burundi, kwa sababu wao ndio mara nyingi huombwa kusimulia. Likizo za Februari na Mei nazo zina shughuli za watoto, ingawa mada yake yaweza kuwa Warumi au dinosaria.

Jiandikishe kupokea barua pepe za makumbusho ya mji wako. Hakuna njia iliyo rahisi zaidi. Nafasi za bure huisha haraka, na tangazo likifika kwenye kundi letu la WhatsApp huwa limeshapitwa.

Pesa

Makumbusho ya taifa hapa Uingereza hayatozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu, na imekuwa hivyo kote tangu Desemba 2001. Kisanduku cha mchango kilicho mlangoni ni hiari kabisa. Nimewaona watu wetu wakigeuka pale mlangoni na watoto wao, wakidhani ile "£5" iliyoandikwa ni tiketi. Pita, ingia. Maonyesho maalumu ndiyo hulipiwa, na mara nyingi watoto huingia bure wakiwa na mtu mzima. Miji mingine hutoza wageni lakini huwasamehe wakazi, basi beba bili au barua yenye anwani yako. Na neno "bure" halimaanishi utakuja wakati wowote: mihadhara mingi hutaka uhifadhi nafasi mtandaoni, na mtoto mchanga naye huhesabiwa.

Tafuta vya kwenu kabla hujatoka nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosa. Makumbusho makubwa, na madogo mengi pia, yameweka orodha za vitu vyao mtandaoni, pamoja na vile vilivyofungiwa stoo. Lakini ukiandika "Tanzania" utapata vichache, kwa kuwa vingi viliandikwa kabla nchi hiyo haijawa na jina hilo. Andika Tanganyika. Andika German East Africa, au Deutsch-Ostafrika ukiwa Ujerumani. Andika British East Africa kwa Kenya, Urundi na Ruanda kwa tahajia ya zamani, Belgian Congo, na Zanzibar hata kama unachotafuta ni cha Pemba. Jaribu majina ya makabila kama wazungu wa wakati ule walivyoyaandika, mara na "Wa-" mbele, mara bila. Nilipofanya hivyo kwa makumbusho ya mji wetu, nilikuta vipini, vinyago, kanga na ile mbuzi yetu, vyote vimeletwa na familia za waliokuwa maafisa wa kikoloni.

Ukikipata kitu, nakili namba yake na uandike barua pepe kuomba kukiona. Makumbusho mengi hukubali, ila hutaka wiki kadhaa za kujiandaa. Ukikuta maelezo yamekosewa, sema. Jina la kanga, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake, ndilo roho ya kanga, na mhifadhi asiyejua Kiswahili hawezi kuusoma. Mpigie picha, mtafsirie, mweleze huvaliwa wapi na hupewa nani.

Kwenye majumba makubwa, nenda na swali. British Museum ilipochagua vitu 100 vya kusimulia historia ya dunia mwaka 2010, karibu na mwanzo kabisa yalikuwamo mawe mawili yaliyochongwa kwa mikono huko Olduvai, la zamani kati yake likikaribia miaka milioni mbili. Humohumo vilikuwamo vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani: vya China, vya Uarabuni, na vya wafinyanzi wetu wenyewe, vyote pamoja. Mwambie mtoto hilo asubuhi mkiwa kwenye treni, kisha mkifika ulizeni dawati la maelezo viko chumba gani siku hiyo, maana huhamishwa. Ulizia pia zile meza za wajitoleaji ambapo mtu hushika kitu halisi mkononi. Mtoto aliyeshika jiwe la miaka elfu nyingi hahitaji kushawishiwa tena.

Oxford kuna makumbusho ya Pitt Rivers, yaliyoanzishwa 1884, chumba chenye giza kidogo na makabati yaliyosongamana. Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya wamekuja pale kukaa na wahifadhi na kuvitazama vitu vya kwao kimoja kimoja, wakataja vitano ambavyo kwa mila havitoki nje ya familia. Kimojawapo ni bangili ambayo baba humwachia mwana. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaelewa vizuri uzito wa jambo hilo ukimweleza mbele ya makabati hayo.

Mlio Leicester mna hazina ya namna nyingine. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na watu wapatao 28,000 wakaja Uingereza, wengi wakatia nanga hapo. Mwaka 2022, miaka 50 ilipotimia, mji ulikuwa na maonyesho na mazungumzo ya kuwakumbuka. Ukienda kwenye mihadhara ya namna hiyo, usishangae mzee wa Kigujarati akikugeukia na kukuuliza, kwa Kiswahili kizuri, habari za nyumbani. Kaa naye.

Na mlio karibu na Glasgow, nendeni makumbusho ya Blantyre, alikozaliwa mmisionari na msafiri David Livingstone, mkaulize habari za Chuma na Susi, watumishi wake wa safarini. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao ndio walioubeba mwili wake kwa miguu miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Mtoto mwenye asili ya Bagamoyo anastahili kujua hadithi hiyo ilipita mlangoni kwao.

Siku yenyewe

Fika mapema, hasa kwa majumba makubwa ambayo hukagua mifuko. Sanduku kubwa la safari halipiti, basi usipange kwenda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Chakula beba: sehemu nyingi zina chumba au bustani ambapo familia huruhusiwa kula vyao, na chapati zilizofungwa vizuri zinawashinda watoto wote wenye sandwichi. Ulizia chumba tulivu ukihitaji kuswali. Kama mwanao ana usonji au hawezi kelele, tafuta saa maalumu za utulivu, ambazo kwa kawaida huwa asubuhi kabla umma haujaruhusiwa.

Mhadhara wa watu wazima huchukua kama saa nzima pamoja na maswali. Mtoto chini ya miaka minane hataweza, na si kosa lake. Gawaneni: mmoja asikilize, mwingine aende na watoto kwenye meza ya kuchora, kisha mbadilishane. Wakati wa kushika vitu, mfundishe mtoto kutumia mikono miwili na kukishikia kitu juu ya meza, ili kikiponyoka kisifike sakafuni. Wapiga picha wa makumbusho huomba ridhaa kwa watoto. Una haki ya kukataa, na huhitaji kutoa sababu.

Habari za utumwa zizungumzeni nyumbani kwanza. London kuna makumbusho ya Docklands, ndani ya ghala la zamani la sukari, yenye chumba kizima kuhusu sukari na utumwa, na pia eneo la watoto wadogo kuchezea. Ni mahali pazuri na pazito. Lakini maonyesho mengi huku hueleza habari za Atlantiki. Watoto wetu hutoka wakidhani pwani yetu haikuguswa. Waambie kuhusu misafara ya kutoka bara, kuhusu Bagamoyo, na soko la Zanzibar lililofungwa 1873. Kisha mwache mtoto mwenyewe amuulize mhadhiri: "Na Bahari ya Hindi je?" Nimeona swali hilo likibadilisha nusu saa iliyobaki.

Mlio nje ya Uingereza

Berlin, nendeni Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na asili, mkasimame chini ya mifupa ya dinosaria aitwaye Giraffatitan, yenye urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu. Ametoka Tendaguru, mkoani Lindi. Mifupa hiyo ilichimbuliwa kati ya 1909 na 1913, kwa jasho la mamia ya vibarua wenyeji, na wapagazi waliibeba vichwani hadi bandarini Lindi. Msimamizi mmojawapo aliitwa Boheti bin Amrani. Mwambie mwanao alitamke jina hilo pale, kwa sauti. Mwishoni mwa kiangazi kuna usiku wa makumbusho, Lange Nacht der Museen, ambapo tiketi moja hukupitisha majumba mengi.

Marekani, maktaba nyingi za umma huazimisha pasi za makumbusho kama zinavyoazimisha vitabu, na mwenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa serikali wa chakula, hupata punguzo kubwa au kuingia bure sehemu nyingi. Yale ya Smithsonian jijini Washington ni bure kwa wote. Mojawapo, jumba la historia ya Wamarekani Weusi, lilipofunguliwa 2016 lilionyesha vipande vya chuma kutoka meli ya São José, iliyozama karibu na Cape Town mwaka 1794 ikiwa na mateka zaidi ya 400 kutoka Msumbiji. Vyuma hivyo vilipakiwa ili kusawazisha meli, kwa sababu miili ya watu ni myepesi kuliko shehena. Kwa jumba hilo hifadhi nafasi ya saa maalumu mapema.

Ukiombwa, au ukitaka kuomba

Baada ya ile Jumamosi tuliandikiwa tuje tena, safari hii kuzungumza sisi. Ikikutokea, kubali, lakini uliza mapema kuhusu malipo. Makumbusho mengi yana fungu la wazungumzaji wa jamii, na asiyeuliza hupewa chai na asante. Uliza angalau nauli. Uliza pia kama watakurekodi na rekodi itakaa wapi, hasa kama anayesimulia ni mzee.

Na kama hawajakuomba, omba wewe. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na maafisa wengi wa makumbusho hawaijui. Waandikie Januari, maana ratiba ya kiangazi hufungwa miezi mingi kabla. Barua iwe fupi: nyinyi ni nani, mko wangapi, mnataka saa mbili za mchana, meza moja, na kitu kipi cha kwao mngependa kitolewe stoo. Sisi tumeomba mbuzi, nasi tutaleta nazi.