Siku ya kwanza baada ya mgomo: namna ya kulirudisha darasa

Silabasi iweke pembeni kwanza. Najua mwalimu mkuu ameshabandika ratiba mpya ofisini, yenye vipindi vya jioni na vya Jumamosi, na kila mtu anataka wiki 5 zilizopotea kwa mgomo wa walimu zifidiwe kwa wiki 2. Baada ya mgomo wangu wa kwanza nilikimbia hivyo hivyo. Mada zote nilizimaliza kwa wakati. Mtihani ulipokuja, nusu ya darasa ilishindwa hata maswali niliyokuwa na hakika nayo tangu muhula wa kwanza.

Nafundisha hisabati darasa la 6. Nimegoma mara 3 katika kazi hii na sijutii hata mara moja. Mishahara ilichelewa, darasa moja lilikuwa na watoto zaidi ya 80, na barua zetu hazikujibiwa. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu linasema wazi kwamba mazingira ya kazi ya mwalimu yanapaswa kuwa yale yanayosaidia watoto kujifunza vizuri, na sisi tulikuwa tunadai hicho hicho. Lakini gharama waliilipa watoto. Nina deni nao, na haya ninayoandika ndiyo namna ninavyolilipa.

Siku ya kwanza usifundishe kitu kipya, wala usitoe mtihani wa alama. Gawa karatasi yenye maswali 8, mawili mawili kutoka mada 4 mlizozimaliza kabla ya mgomo. Waambie hakuna atakayepewa namba, na usimpe. Usiku, unaposahihisha, usihesabu vema na kosa. Tafuta kosa ni la aina gani, maana hapo ndipo utakapojua pa kuanzia.

Nikupe mfano mmoja. Binti mmoja, kabla ya mgomo, alikuwa anajumlisha nusu na theluthi bila shida: anatafuta asili ya pamoja, 6, anapata 5/6. Tuliporudi aliandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nilifunua daftari lake la zamani nikaona hesabu ileile, kwa mwandiko uleule, imepatiwa. Alikuwa ameshika hatua, sababu ya hatua hakuwa nayo, na hatua zisizo na sababu ndizo zinazoyeyuka mtoto akikaa wiki 5 bila kushika kalamu.

Sikumwandikia kanuni upya ubaoni. Nilimuuliza, “Una nusu ya karatasi. Nimekuongezea kipande kingine. Sasa una zaidi ya nusu au pungufu?” Akajibu zaidi. “Na 2/5, je, imefika nusu?” Alinyamaza kitambo, akachukua karatasi akaikunja ikawa vipande viwili sawa, akaikunjua, akaikunja tena kwa njia ya pili ikawa vipande vitatu sawa, akaifungua akahesabu vyumba 6. Vitatu ni nusu, viwili ni theluthi. Akafuta jibu lake mwenyewe. Nilirudia zoezi lile na darasa zima na likala kipindi kizima cha dakika 40. Mwalimu mwenzangu aliona napoteza muda, lakini wiki iliyofuata uwiano na asilimia vilipita kwa urahisi kwa sababu vyote viwili vimesimama juu ya sehemu.

Kwa hiyo, unapopunguza mada, usianze kukata za mwisho kwa kuwa tu ndizo zilizobaki. Jiulize mada ipi imebeba nyingine. Sehemu, thamani ya nafasi na kuzidisha usiziguse. Mada inayosimama peke yake, kama kuchora grafu za takwimu, inaweza kusubiri au kufupishwa. Watafiti waliochunguza migomo ya jimbo la Ontario, Kanada, walikuta kwamba watoto waliokutwa na mgomo wakiwa darasa la 5 au la 6 waliumia zaidi kimasomo kuliko waliokutwa nao darasa la 2 au la 3, na pigo kubwa zaidi lilikuwa la hisabati. Mwalimu wa madarasa hayo wala hashangai. Hapo mnyororo ni mrefu, pete moja ikikatika zote zinaanguka.

Huko Argentina watafiti walifuatilia watu waliosoma shule za msingi wakati wa migomo mingi, ambao kwa wastani walipoteza takriban nusu mwaka wa masomo. Walipofika umri wa miaka 30 hadi 40, mapato ya wanaume yalikuwa pungufu kwa asilimia 3.2 na ya wanawake kwa asilimia 1.9 kuliko ambavyo yangekuwa bila migomo hiyo. Nawatajia walimu wenzangu tarakimu hizi ili tusidanganyane kwamba watoto “watajipanga wenyewe.”

Hali ya shule nayo huamua mgomo utauma kiasi gani. Pale kila mtoto ana kitabu, mwalimu akiondoka kitabu kinabaki. Pale kitabu kimoja kinagombaniwa na watoto 6, kitabu ni mwalimu mwenyewe, na siku anapogoma kila kitu kimeondoka naye. Kama shule yako ni ya namna hiyo, kazi yako inaanza kabla ya mgomo, wakati notisi ya mgomo ya chama cha walimu bado inahesabu siku. Waandikishe watoto mifano 3 iliyofanywa hatua kwa hatua kwa kila mada, kila hatua na sababu yake. Wapange vikundi kwa ukaribu wa nyumba, siyo kwa uwezo. Kazi iliyotolewa kabla ya mgomo haimsaliti mtu, na chama changu hakijawahi kuilalamikia.

Mkirudi, mazingira ni yaleyale mliyoyagomea. Mvua ikipiga bati hakuna anayesikia, basi uwe na kazi ya kusoma kimya tayari kwa siku hizo badala ya kusimama ukisubiri ikatike. Na jichunge na mgomo baridi. Umesaini, upo ofisini, kipindi kinapita. Huo hauhesabiwi na mtu yeyote, hauna tarehe ya kuanza wala ya kuisha, na mimi nauogopa kuliko ule wa mabango.

Bado hujamaliza. Chukua rejista ya wiki ya mwisho kabla ya mgomo uilinganishe na ya leo, jina kwa jina. Kutakuwa na wasiorudi: aliyepata kibarua, aliyeachiwa mdogo wake amlee, aliyeamua shule imekwisha. Usingoje wiki ya pili. Tuma ujumbe kwa mtoto anayekaa jirani naye, kisha nenda mwenyewe jioni, ukaongee na mzazi akiwa ametulia. Usianze na lawama. Mimi huanza kwa kuomba radhi kwamba nilikuwa sipo, halafu namwambia mzazi mwanawe alikuwa amefika wapi, kwa mada, siyo kwa alama. Mara nyingi hilo la pili ndilo linalomnyanyua.

Mwisho wa mwaka, mada ulizoziruka ziandike kwenye ukurasa wa mwisho wa maazimio ya kazi, yaani mpango wako wa kufundisha wa mwaka, umkabidhi mkononi mwalimu wa darasa linalofuata. Ukurasa wangu wa mwaka ule ulisomeka hivi: “Grafu hatujafundisha. Ujazo tumegusa tu. Sehemu wanaziweza, ila anza na kukunja karatasi.”