Namna ya kutumia punguza, pungua na nipunguzie bila kuleta kesi sokoni

Tuanze na ya sokoni manake ndio yenye kesi nyingi. Uko Malindi kwa muuza samaki, fungu la changu kakwambia mia sita, nawe wasema "nipunguzie" kisha wanyamaza. Akiwa mcheshi atachukua samaki mmoja kwenye fungu lako amrudishe kwenye beseni, na wala hajakosea, kumpunguzia mtu ni kumtolea sehemu ya kitu na wewe hukusema kitu gani. Sema "nipunguzie bei kaka" ama "mwisho ngapi?" mambo yaishe. Na ile i usiimeze, nipunguzie sio nipunguze. "Haya, nipunguze ngapi?" hilo ni swali la muuzaji, yeye ndio mwenye kupunguza, mnunuzi ukisema nipunguze ni kama unaomba ukatwe wewe mwenyewe.

Kwa kinyozi ni ivo ivo ila hapo ukikosea utakaa na matokeo wiki kadhaa. Nyoa yaweza kuondoa zote, punguza lazima ibakishe. Kwa hiyo mwambie "nipunguzie nywele, juu usiguse sana" na umuonyeshe kwa kidole, usiseme tu ninyoe halafu ukachungulia simu.

Sasa pungua na punguza. Jiulize, kuna mtu au kitu kilichofanya? Kama kipo na umekitaja kwanza, ni punguza: dawa imepunguza homa, dereva wa tuktuk kapunguza mwendo kwenye matuta. Kama kitu kimeshuka chenyewe au hutaki kusema nani kakishusha, ni pungua: homa imepungua, upepo umepungua, maji ya kisima yamepungua. Naona watu wanaandika "bei ya unga imepunguza", imepunguza nini sasa? Bei imepungua, ama imepunguzwa ikiwa kuna mkono wa mtu. Hiyo punguzwa utaisikia sana hotelini msimu wa watalii ukiisha, "tumepunguzwa" yaani kazi imekwisha kwa baadhi yetu, ni neno la adabu kwa jambo lisilo na adabu.

Kwa mwili kuwa makini. "Nimepunguza mwili" mtu kaamua mwenyewe, kaacha mahamri anatembea jioni. Lakini ukikutana na mama wa makamo umwambie "mbona umepungua" umemuuliza kama anaumwa, hata kama nia yako ilikuwa kumsifu, bora umwamkie kwanza shikamoo kisha ungoje aseme mwenyewe.

Na bahari ina neno lake. Ukiwa Lamu unangoja mashua ya Shela usimwambie nahodha maji yamepungua, atakuelewa lakini atajua wewe ni wa bara, maji ya bahari yanakupwa na yanajaa, kupungua ni ya kisimani na ya kwenye mtungi. Jikoni haina shida: punguza moto wali usiungue, punguza nazi. Ila chumvi ikishaingia mchuzini huwezi kuipunguza tena, utapunguza ukali wake tu kwa kuongeza maji au tui.

Pungukiwa nayo ni ya kukosa kitu kidogo ili kitimie. "Nimepungukiwa na hamsini" maana yake nauli unayo ila haijafika, mwenye kukosa kabisa husema sina. Hapo jina lake ni upungufu, ndio wasikia hospitali wakisema upungufu wa damu, na hata UKIMWI ule U wa mwanzo ni upungufu, Upungufu wa Kinga Mwilini. Ya dukani ni punguzo, usiandike "upungufu wa bei" kwenye bango lako wateja watacheka. Punguani nalo latoka huku huku, ni tusi, hata kwa utani usimwambie mtu mzima.

Saa lakini usiipunguze, ni saa mbili kasorobo, saa tano kasoro dakika kumi.