Namna ya Kutoa, Kusafisha na Kurudisha Vifaa vya Kioo vya Kaboni Dioksidi katika Tangi la Mimea

Kifaa cha kioo kinachosambaza gesi ya kaboni dioksidi katika tangi la samaki lenye mimea ya majini ni nadra kuvunjika kikiwa ndani ya maji. Huvunjika mikononi, wakati wa kuchomoa mpira wa gesi au wa kukibandua ukutani mwa tangi, na mara nyingi hukatikia pale mrija mwembamba unapoungana na kikombe kinachobeba kisahani cha kauri. Anayeshika kikombe kwa mkono mmoja huku akivuta mpira kwa mwingine anaufanya mrija mzima kuwa wenzo, na nguvu yote inaishia kwenye kiungo hicho.

Hatua ya kwanza ni kufunga valvu ya mtungi wa gesi na kusubiri mapovu yakome yenyewe. Chomoa pia waya wa umeme wa kipasha maji kabla ya kuingiza mkono. Hakikisha kwamba kwenye mpira ipo valvu ya kuzuia maji yasirudi, kwa kuwa shinikizo likishuka maji hupanda ndani ya mrija, na pasipo kizuizi yanaweza kufika hadi kwenye regyuleta, yaani kifaa cha mtungini kinachopunguza shinikizo la gesi.

Hatua ya pili ni kukibandua kifaa. Usikivute kuelekea kwako. Ingiza ukucha chini ya ukingo wa kikombe cha mpira kinachonata ukutani ili maji yapenye, nacho kitaachia bila kulazimishwa. Vikombe hivi hukakamaa kadiri vinavyozeeka, na kilichokakamaa ni hatari kwa kioo kuliko kilicholegea, kibadilishe mapema.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayotaka subira kuliko zote, ni kuutenganisha mpira na mrija. Mpira uliokaa muda mrefu huganda kwenye kioo, na kuuzungusha au kuuvuta ni kubahatisha. Ushauri wangu ni kwamba usijaribu kabisa kuuokoa: laza kifaa juu ya taulo lililokunjwa, shika mrija wenyewe karibu kabisa na ncha ya mpira, kisha pasua mpira kwa wembe kwa urefu wake, ukielekeza makali mbali na vidole, na uubandue kama ganda. Unapoteza kipande kifupi cha mpira, lakini kioo kinabaki kizima.

Hatua ya nne ni kusafisha. Loweka kifaa katika mchanganyiko wa sehemu 1 ya jiki isiyo na manukato kwa sehemu 10 za maji ya kawaida, ukitumia chombo cha plastiki, mpaka mwani ugeuke mweupe. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine yoyote ya usafi, kwani hutoa gesi yenye sumu. Kisahani cha kauri kisisuguliwe kwa brashi wala kuguswa kwa vidole, maana matundu yake ni madogo mno na mafuta ya ngozi huyaziba. Baada ya hapo suuza vizuri, kisha loweka tena katika maji yenye dawa ya kuondoa klorini mpaka harufu iishe kabisa. Mabaki ya jiki huua samaki na kamba. Usihamishe kioo kutoka maji ya moto kwenda ya baridi kwa ghafla, kwa sababu kinaweza kupasuka.

Hatua ya tano ni kuunganisha upya. Mpira mgumu wa poliurethani unafaa kwa safari ndefu kutoka mtungini kwa sababu haupitishi gesi kirahisi kama silikoni, lakini usiusukume moja kwa moja kwenye kioo. Weka kipande kifupi cha silikoni kati yake na mrija. Lowanisha ncha ya silikoni na mrija, kisha sukuma kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka, vidole vikiwa karibu na ncha. Milimita chache tu zinatosha kushika.

Kwa kipima gesi cha kioo kinachobadili rangi, tumia bomba la sindano lisilo na sindano kukijazia maji ya kipimo ya 4 dKH (dKH ni kipimo cha ugumu wa kaboneti wa maji) yenye matone ya kiashiria, yaani dawa inayobadili rangi. Rangi ya kijani huonyesha takriban miligramu 30 za gesi kwa lita, bluu ni pungufu, na njano ni nyingi kupita kiasi kwa samaki. Usiongeze gesi kwa haraka, kwa kuwa rangi huchelewa kubadilika kwa saa 1 hadi 2.

Mwishowe fungua gesi taratibu na utazame mapovu. Yakitoka madogo juu ya kisahani chote, kazi imekamilika. Yakitoka upande mmoja tu, kauri bado imeziba, hivyo rudia kuloweka. Lakini yakitoka makubwa pembeni, pale kisahani kinaposhikana na kioo, kiungo kimepata ufa. Kuongeza shinikizo hakutasaidia, na kifaa hicho kinapaswa kubadilishwa.